Umechukua Muda Mrefu Mno

Sentensi iliyokuwa kwenye skrini ya kaka yangu niliiandika mimi. Niliitambua nikiwa bado mlangoni, mkoba begani, kiatu kimoja nimekivua na kingine bado: *Umechukua muda mrefu mno. Tafadhali jaribu tena.* Hata nukta ya mwisho ilikuwa yangu. Nilikumbuka siku niliyoiweka, miezi minne nyuma, na jinsi nilivyojipongeza kwa ile "tafadhali".

"Mara ya ngapi hii?" nikamuuliza.

Kaka hakugeuka. Aliinua mikono yote miwili, vidole kumi vimenyooka, akaishusha, kisha akainua kidole kimoja.

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo. Shule iliyokuwa ikitafuta mwalimu wa hesabu ilitaka maombi yote yawe yameingia ifikapo saa sita mchana, siku hiyohiyo ya Ijumaa, na baada ya hapo hakuna kupokea tena. Mama ndiye aliyenipigia simu asubuhi. "Njoo umtazame mwenzio," alisema. "Tangu jana anapigana na kompyuta. Nimempelekea chai, imepoa. Nimeipasha, imepoa tena."

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani, la sivyo kisa hiki hakitakuwa na kichwa wala miguu. Mimi nina haraka. Mama aliniita Kiherehere tangu nilipoanza kutambaa, na jina likanikaa. Nikisubiri lifti nabonyeza kitufe mara sita. Chakula nakila kingali kinatoa moshi, ulimi unaungua, na kesho yake narudia vilevile. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, ana kigugumizi. Mama husema kwamba subira yetu sote wawili ilifungwa kwenye kifurushi kimoja, na kaka ndiye aliyekipokea.

Kwa hiyo tulipokuwa wadogo mimi nilikuwa mdomo wake. Tukitumwa dukani, yeye akianza "n-n-naomba", mimi nilishamaliza: naomba sabuni mbili na chumvi. Watu wazima walinisifu. Mtoto mchangamfu huyu, walisema, anampenda kaka yake. Mwaka mmoja, shule zinakaribia kufunguliwa, tulikwenda kununua madaftari. Kaka aliinyooshea rafu kidole, akafungua mdomo, neno likamgandia. Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Nikadakia, "Anataka lile jekundu." Akapewa jekundu. Alilitumia mwaka mzima bila kunung'unika, na mimi sikuwahi kumuuliza.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika programu. Alinifundisha kwa karatasi na kalamu, mezani pale pale ilipo kompyuta sasa, maana kwenye karatasi hakuna mtu wa kumdakia. Alikuwa mwalimu mzuri ajabu. Hakunipa jibu hata siku moja. Alikaa tu akanitazama mpaka nijione mjinga, nirudi mwanzo, nilipate mwenyewe. Mtaani walimwita Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani.

Miaka ikaenda. Mimi na watu wengine sita, waliotawanyika huku na huko, kila mmoja na kazi yake ya kumlisha, tulikuwa tunatunza seva. Hii ni programu inayokaa kwenye kompyuta ya mwenye tovuti na kupokea maombi ya watu: nipe ukurasa huu, pokea fomu hii, nihifadhie picha hii. Ilikuwa programu huria. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, upo wazi, yeyote anaichukua bure, anaitumia, na akiweza anaitengeneza. Kaka alikuwa mmoja wa wale sita. Mimi nilikuwa msimamizi, kwa sababu moja tu: kila swali lilipoulizwa nilikuwa wa kwanza kujibu.

Mwaka ule tulipata udhia. Fikiria karani wa ofisi mwenye madirisha machache. Anakuja mtu, anasema neno moja, ananyamaza. Baada ya muda anasema la pili, ananyamaza tena. Hana shida yoyote ya kuhudumiwa. Amekuja kuliziba dirisha. Akija na wenzake ishirini, ofisi nzima imekwama. Wahuni walikuwa wakizifanyia seva zetu hivyohivyo, wakituma ombi herufi moja moja, na seva yetu, yenye adabu zake, ikawasubiri. Ilikuwa imefundishwa kwamba maadamu mtu bado anatuma kitu, usimkate. Malalamiko yakawa mengi. Dawa yangu ilikuwa fupi kama mimi mwenyewe: kila ombi lipewe dakika mbili tangu linapoanza. Umemaliza, karibu. Hujamaliza, kwaheri.

Tulikutana kwa sauti mtandaoni ili kupitisha hilo. Nilisema nusu saa, isizidi. Watano wakakubali upesi. Kaka akawasha kipaza sauti chake.

"M-mimi naona tusi..."

Kimya.

Nilimjua. Nilijua kwamba yupo palepale, amefumba macho, neno limemkaa kooni, na kwamba akipewa sekunde kumi litatoka. Nikatazama saa. Mguu wangu ulikuwa unatikisika chini ya meza.

"Mtandao wake unasumbua," nikawaambia wenzangu. "Kuna mwingine? Hakuna? Basi, tumepitisha."

Mtandao wa kaka yangu haukuwa na tatizo lolote siku ile. Alipokwenda kuandika maoni yake chini ya mabadiliko yale, akakuta nimeshaufunga mjadala. Wiki hiyohiyo nikaandika ujumbe atakaouona mtu aliyekatwa, nikauweka kwa Kiswahili mimi mwenyewe, nikauona mzuri.

Sasa nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikiusoma.

Shule ile ilikuwa imetaka kila mwombaji atume video ya somo moja, mwanzo hadi mwisho, katika faili moja. Kwa kaka hii ilikuwa bahati ambayo hakuitarajia tena. Mara tatu alikuwa ameitwa kwenye usaili, na mara zote tatu walimshukuru kwa kuja kabla hajamaliza kutaja jina lake. Kamera haikunji uso. Alifanya mazoezi wiki nne jikoni, Mama akiwa mwanafunzi, na mpaka leo Mama anaweza kujumlisha sehemu zenye asili tofauti huku anamenya vitunguu. Somo ambalo mwingine angelifundisha kwa dakika tisa, yeye lilimchukua ishirini na mbili. Alikuwa ameshapunguza ubora wa picha mpaka mwisho. Ukizidisha hapo, maandishi ya ubaoni hayasomeki. Bado, kwa mtandao wa pale nyumbani, faili ilihitaji dakika tano kufika. Na chini kabisa ya ujumbe wangu, kwa maandishi madogo, palikuwa na jina la seva ya shule na toleo lake. Ilikuwa yetu. Toleo lilikuwa lile langu.

"Tangu jana ulijua?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa kwa nini hukuniita?"

"Ni-nilikuita," alisema. Akavuta pumzi. "K-kwenye kikao."

Jamani. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini mtu wa aina yangu akiona haya hakai akayaona, anaanza kukimbia. Nikavua kiatu cha pili, nikakaa, nikasimama. Nilijaribu mtandao wa simu yangu, ulikuwa mbovu zaidi. Nikapiga hesabu ya kumpeleka ofisini kwangu, mabasi mawili, tusingefika. Nikaandika barua pepe kwa shule, moja, mbili, tatu. Nikapiga namba ya msaada iliyokuwa kwenye tovuti yao, ikaita mpaka ikakatika. Saa tano kasoro. Kaka alijaribu tena, mara ya kumi na mbili. Mstari wa kijani ulitambaa mpaka karibu nusu ya njia, kisha sentensi yangu ikarudi.

"Sikiliza," nikasema. "Leta hiyo video nikate vituo. Zile sehemu ulizokwama. Nikizitoa zote zinabaki dakika nane, tisa hivi, itapita ndani ya dakika mbili. Dakika kumi tu, nimemaliza."

Kaka akaifungua video, akaisogeza mbele, akaiacha icheze. Alikuwa amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, amekwama kwenye neno "theluthi". Sekunde zikapita, midomo yake inahangaika. Mimi huku nilishalisema neno hilo moyoni mara tatu. Ndipo sauti ya Mama ikasikika kutoka nyuma ya kamera, ya mtu aliyezinduka: "Aah! Kumbe lazima vipande vilingane kwanza!"

Akaisimamisha.

"H-hapo ndipo alipopata," alisema. "Ukikata hapo, so-somo limeisha."

Nikaichukua simu, nikaipiga tena ile namba ya shule.

Simu ya shule ilipokewa saa tano na ushee. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamume mwenye sauti ya usingizi. Nikammwagia yote kwa pumzi moja: seva, toleo, faili ya mipangilio, dakika mbili, abadilishe sasa hivi, muda unakwisha.

"Dada, hiyo ndiyo mipangilio ya seva ilivyokuja. Sisi hatukuigusa. Walioitengeneza ndio wanaojua."

"Mimi ndiye niliyeitengeneza!"

"Sawa. Na mimi ndiye ninayenyesha mvua."

"Nakwambia fungua hiyo faili..."

"Usinifokee, dada. Waombaji wenzio wameweza, tangu asubuhi wanaingia tu. Tafuteni mtandao mzuri." Akakata.

Nikapiga tena. Ikaita, haikupokelewa. Nikapiga tena na tena, kama nilivyo na vitufe vya lifti. Mama akatokea mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akaondoka bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni nadra.

Saa tano na dakika ishirini na tano kaka akaunyoosha mkono, akachukua simu yake mwenyewe. Nilishtuka. Kaka hakuwa amempigia simu mtu asiyemjua kwa miaka mingi. Hata kinyozi wake alimwandikia ujumbe. Akaibonyeza namba, akaiweka simu mezani, sauti wazi. Nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo.

"Halo?" Fundi alipokea namba asiyoifahamu.

"Sa-sa-sa..."

"Halo? Nani mwenzangu?"

Nikafungua mdomo. Kaka akanitazama. Hakunikaripia, hakuninyooshea kidole, alinitazama tu, na nilijua kwamba nikisema neno moja hatanisamehe. Nikakitia mdomoni kifuniko cha kalamu, nikakiuma.

Sekunde nne. Tano. Nilizihesabu, sijui kuacha kuhesabu. Saba. Nane. Akikata sasa, basi. Tisa.

"Nipo, kaka," sauti ya simuni ikasema. "Nakusikiliza. Sema taratibu."

Mtu nisiyemjua, niliyemfokea robo saa iliyopita, alimpa kaka yangu kitu ambacho mimi sikuwahi kumpa tangu tulipokuwa tukitumwa dukani.

"Samahani kwa u-usumbufu," kaka alisema. Na akaendelea. Alipumzika panapohitaji kupumzika, akarudi nyuma alipokwama, akaingia kwa mlango mwingine. Aliomba jambo moja dogo: fundi atazame kumbukumbu za seva, tangu jana asubuhi, ahesabu ni maombi mangapi yaliyokatwa yakiwa yametimiza dakika mbili kamili. Ilimchukua karibu dakika nne kulisema. Mimi ningelisema kwa sekunde sita. Ila mimi sikuwa nimeliwaza.

Tukasikia fundi akibonyeza vitufe. Akaacha. Akabonyeza tena.

"Hee!" Usingizi ulikuwa umemtoka. "Mbona wako wengi hivi? Ngoja... Nimeondoa wanaojirudia. Watu arobaini na watatu."

"A-arobaini na watatu," kaka akarudia, polepole, ili nisikie.

"Mimi nilidhani hawa wamebadili mawazo. Kumbe tunawafukuza wenyewe. Sasa nifanyeje, kaka?"

Kaka akamwelekeza mstari. Ulikuwa mmoja tu, na namba moja tu ndani yake. Fundi akasema lazima amwombe ruhusa mkuu wa shule, akaenda, na tukabaki tunasikiliza kiti kitupu cha ofisi ya watu. Kifuniko cha kalamu kilikuwa kimepasuka mdomoni mwangu. Kaka alikaa mikono mapajani. Nilipomtazama vizuri niliona vidole vyake vinatetemeka, na nikaelewa kwamba miaka yote nilidhani yeye hana haraka. Alikuwa nayo. Hakuwa na mahali pa kuipeleka.

Saa sita kasoro dakika tisa fundi akarudi, anahema. "Nimeweka nusu saa. Tuma. Hao wengine nitamwomba mkuu awaongezee siku, lakini siwezi kukuahidi. Tuma, kaka, tuma."

Kaka akatuma. Mama alikuwa amerudi mlangoni, na safari hii ulimi wake ulimrudia. Alizima simu yake ili isile mtandao, akaizima yangu, na angekuwa na uwezo angezima na za majirani. Mstari wa kijani ukatambaa. Dakika moja. Nusu ya njia. Dakika mbili, na mimi niliusubiri ule ujumbe wangu kama mtu anayesubiri kofi. Haukuja. Dakika tatu. Dakika nne. Asilimia themanini na tatu.

Ukasimama.

Nikasimama na mimi. Nikazunguka meza. Nikaupeleka mkono kwenye kitufe cha kuanza upya.

"Kaa chini, Kiherehere!" Mama akasema. "Utamtia mtu wazimu."

"Imekwama, Mama, huoni imekwama?"

"I-inakuja," kaka akasema.

Nikakaa. Nikaikalia mikono yangu yote miwili, kama mtoto. Niliwahi kuandika kwa mkono wangu, nikijiamini kabisa, kwamba aliyekaa kimya hivi amekwisha kupoteza haki yake. Themanini na tatu. Themanini na tatu. Themanini na nne.

Saa sita kasoro dakika tatu ikaandika: *Tumepokea.*

Jumatatu niliufungua upya mjadala niliokuwa nimeufunga. Kabla ya kuandika lolote kuhusu msimbo, niliwaandikia wenzetu watano kwamba siku ile ya kikao mtandao wa kaka yangu ulikuwa mzima, na kwamba nililijua hilo niliposema vinginevyo. Ilikuwa barua ya mistari mitatu na ilinichukua asubuhi nzima. Kisha tukatengeneza kile alichokuwa akijaribu kutuambia. Seva ikaacha kutazama saa peke yake, ikaanza kutazama mwendo. Anayedondosha herufi ili kuziba dirisha anakatwa mapema kuliko zamani. Anayeleta mzigo wake, hata kama mzigo ni mkubwa na njia ni mbaya, anasubiriwa. Niliandika mimi, akakagua yeye, akakuta makosa mawili. Na ile sentensi niliifuta. Sasa mtu akikatwa anasoma: *Tumeacha kukusubiri. Tafadhali jaribu tena.* Mmoja wa wenzetu alilalamika kwamba inaifanya seva ionekane ina hatia. Nikamwambia ndiyo, ndivyo ilivyo.

Wale wengine arobaini na wawili waliongezewa siku tatu. Shule ilimchukua kaka. Huu ni mwaka wake wa sita pale. Nimewahi kukaa nyuma ya darasa lake, na mtoto aliyekuwa ubaoni alipokwama, wenzake thelathini walikaa kimya wakamngoja, na mtu pekee aliyekuwa anatikisa mguu nilikuwa mimi.

Lakini ninaporudi kwenye siku ile, sirudi kwenye hayo. Narudi kwenye dakika chache zilizofuata baada ya *Tumepokea*. Mama alikuwa amekwenda kuipasha chai mara ya tatu. Tulibaki wawili mezani. Kaka alikigeuza kiti chake, akanitazama, akafungua mdomo.

"Li-li-li..."

Likamgandia. Akafumba macho.

Mimi nilishajua anataka kusema nini. Nilikuwa nayo mambo matatu tayari ulimini: lile kosa lako, lile neno lako kikaoni, lisahau limepita. Ningeweza kumchagulia lolote kati ya hayo na tukamaliza. Nikalimeza la kwanza. Nikalimeza la pili. Jikoni sufuria iligonga jiko. Saa ya ukutani ilifika saa sita, ikapita saa sita, na mimi nilikuwa bado nimeikalia mikono yangu.

"Lile daftari," kaka akasema. "La shuleni. Ni-nilitaka la bluu."